Je, Wajua? Uso Wako kwa Mtindo wa Chapa za Japani

Mitandaoni kumejaa picha za watu waliogeuzwa wakaonekana kama wametoka kwenye chapa za kale za Japani: uso mweupe usio na kivuli, nywele nyeusi tii, mistari michache, muhuri mwekundu pembeni. Filta huimaliza kazi hiyo kwa sekunde chache, na mara nyingi huiharibu, kwa sababu haijui kwa nini mafundi wa zamani walifanya walivyofanya. Anayetaka kuhariri picha ya sura kwa mtindo huu na kazi ikakubalika, aanze na haya.

USO KWENYE UBAO

Je, wajua kwamba chapa zenye rangi nyingi, moja ya sifa kuu za sanaa iitwayo ukiyo-e, zilianza kuvuma mwaka 1765? Mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, wapenzi wa sanaa wenye uwezo walikuwa wakipeana kalenda za picha, kila mmoja akitaka yake ipendeze kuliko ya mwenzake. Mchoraji Suzuki Harunobu ndiye aliyeng'ara. Kabla ya hapo chapa zilikuwa nyeusi tupu, au nyeusi na rangi mbili tatu.

Je, wajua kwamba rangi zilichapwa moja baada ya nyingine, kila moja kwa ubao wake? Mchongaji aliacha alama mbili ukingoni mwa kila ubao, moja ya pembe na nyingine ya mstari mnyoofu. Alama hizo huitwa kento. Mchapaji aliegemeza karatasi hapo kila alipobadili ubao, na rangi ikaangukia mahali pake. Matabaka unayopanga leo kwenye programu ya picha hufanya kazi hiyohiyo.

Je, wajua kwamba nywele ndizo zilizompima mchongaji? Mchoraji alionyesha umbo la nywele kwa jumla tu. Nywele mojamoja za kwenye paji la uso na panjani alizitafuta mchongaji mwenyewe. Chukua chapa ya mchoraji Kitagawa Utamaro iliyopigwa picha na jumba la makumbusho, uikuze mpaka ukingo wa nywele ujaze skrini. Utaona mistari isiyofika unene wa milimita moja, inaanza kwa ncha kali, inanenepa kidogo, kisha inazama kwenye weusi wa kichwa. Kila mstari ni ukuta mwembamba wa mti wa cheri ulioachwa ukisimama baada ya mbao za kushoto na kulia kwake kuondolewa. Kisu kikiteleza, unywele umekwenda na haurudi. Ndiyo maana kazi ya uso na nywele ilikuwa ya mchongaji mkuu, na wanagenzi walipewa nguo na mandhari. Filta nyingi hapa ndipo zinapoanguka: nywele zote zinakuwa doa jeusi moja lenye ukingo mkavu.

Je, wajua kwamba Utamaro alipata sifa kwa kumsogelea mtu? Picha za kichwa na kifua zilikwishatumika kwa waigizaji wa tamthilia za kabuki. Katika miaka ya 1790 yeye akazihamishia kwa wanawake: wahudumu wa migahawa ya chai, mabinti wa wenye maduka, wasanii, makahaba wa mtaa wa Yoshiwara. Akaondoa mandhari na kuacha uso, shingo, mkono na ukosi wa kimono. Ukihariri picha yako, anza kwa kukata vitu visivyohitajika kabla hujagusa rangi.

Je, wajua kwamba nyuso za Utamaro hazifanani kama zinavyodhaniwa? Karibu mwaka 1793 alichora warembo watatu waliojulikana Edo: Okita, Ohisa na Toyohina. Ukiwatazama juujuu ni mtu mmoja mara tatu. Tulia, fuata mstari wa pua, upana wa jicho na ujazo wa shavu, na kila mmoja atajitenga na wenzake. Sura ya mtu ilibebwa na tofauti ndogo mno, kwa hiyo anayehariri akisogeza mstari wa pua kidogo tu, amemfanya mtu mwingine.

Je, wajua kwamba mchoraji Tōshūsai Sharaku alifanya kazi kwa takriban miezi kumi tu? Alitokea mwaka 1794, akatoa chapa zaidi ya 140, akatoweka mwanzoni mwa 1795. Aliwachora waigizaji wa kabuki bila kuwapamba: pua kubwa zilibaki kubwa, mwanamume aliyeigiza mwanamke alionekana mwanamume. Mtindo huu, basi, haukulazimu kumrembesha mtu.

Je, wajua kwamba jicho la mstari na pua ya ndoano vina asili ya mbali kuliko chapa zenyewe? Wachoraji wa makasri ya Japani walichora hivyo tangu karne ya 12, katika magombo yenye picha za riwaya ya Hadithi ya Genji.

Je, wajua kwamba picha ya sura iliweza kumfikisha mchoraji kifungoni? Serikali ya Edo ilipokataza kutaja majina ya wanawake kwenye chapa, Utamaro aliyaficha katika mafumbo ya picha ndogo kwenye kona. Mwaka 1804 alikamatwa kwa chapa zilizomhusu mtawala wa zamani Toyotomi Hideyoshi, akafungwa pingu kwa siku 50. Alifariki mwaka 1806.

RANGI NA KARATASI

Je, wajua kwamba uso mweupe kwenye chapa nyingi haukupakwa rangi yoyote? Ni karatasi yenyewe, iliyotengenezwa kwa nyuzi za mforsadi wa karatasi na kupakwa gundi na shabu ili wino usisambae. Ufundi wa karatasi hiyo, washi, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Ukimwaga nyeupe ya kompyuta usoni, uso unakuwa bapa na baridi. Weka picha ya karatasi yenye nyuzi zake chini kabisa ya matabaka, na uiruhusu ionekane.

Je, wajua kwamba ule mng'ao wa kijivu nyuma ya waigizaji wa Sharaku ni ulanga? Ulisagwa unga, ukapakwa mandharini kuzunguka sura, na chapa ikameta kila inapoinamishwa. Skrini haiwezi kumeta hivyo. Anayetaka hali hiyo achague kijivu cheusi kilicho sawa kila mahali, kisha atawanye chembe angavu ndogondogo.

Je, wajua kwamba baadhi ya mapambo yalichapwa bila wino? Mchapaji aliibonyeza karatasi kwenye ubao mkavu, na ua likainuka juu ya kimono nyeupe. Kwenye chapa huonekana ukiiwekea mwanga wa ubavuni. Kwenye kompyuta hupatikana kwa kivuli chepesi sana upande mmoja wa mstari.

Je, wajua kwamba rangi inayofifia taratibu kutoka nzito hadi hafifu, iitwayo bokashi, ilifanywa kwa mkono kila karatasi? Mchapaji alilowesha ubao, akaweka rangi upande mmoja wa brashi, akaipitisha. Hakuna nakala mbili zilizolingana kabisa. Mpito wa rangi wa kompyuta ulionyooka mno unajulikana mara moja, kwa hiyo utikise kidogo.

Je, wajua kwamba buluu kali unayoihusisha na Japani ilitoka Ujerumani? Iligunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ikaenea kwenye chapa za Edo karibu mwaka 1830, na mchoraji Hokusai akaitumia kwenye chapa yake ya Wimbi Kubwa. Utamaro alikuwa amekwishafariki. Picha inayodai kuiga warembo wake huku imejaa buluu hiyo imechanganya zama.

Je, wajua kwamba rangi za kale tunazoziona leo mara nyingi zimepauka? Buluu ya maua ya tsuyukusa hupotea kwa mwanga, na zambarau nyingi zilizochanganywa nayo zimebaki kahawia. Mwaka 1921 ndugu wawili wa familia ya Spaulding waliipa Museum of Fine Arts ya Boston chapa karibu 6,500 kwa sharti kwamba zisitundikwe ukumbini kamwe. Kwa kuwa hazikupigwa na mwanga, zambarau na waridi zake bado zimo. Mwenye intaneti anaweza kuona picha zake, na huenda akashangaa jinsi Edo ilivyopenda rangi hai. Anayechukua rangi kutoka chapa iliyochakaa anaiga uzee wa karatasi, na si chaguo la mchoraji. Hakuna ubaya, mradi ajue ndilo analofanya.

Je, wajua kwamba midomo ya kijani si kosa la uchapaji? Mwanzoni mwa karne ya 19 wanawake wa Edo walipaka wekundu wa ua la benibana tabaka juu ya tabaka, mpaka mdomo wa chini ukatoa mng'ao wa kijani kama bawa la mdudu. Wachoraji wakaandika walichokiona. Wanawake walioolewa nao walipaka meno weusi.

KAMERA ILIPOINGIA

Je, wajua kwamba picha ya kamera ya kale kuliko zote iliyobaki, iliyopigwa na Mjapani, ni picha ya sura? Ni ya Shimazu Nariakira, mtawala wa jimbo la Satsuma, iliyopigwa na Ichiki Shirō tarehe 17 Septemba 1857 kwenye bamba lililopakwa fedha. Ilipotea, ikapatikana tena mwaka 1975 katika ghala.

Je, wajua kwamba mabamba hayo yaligeuza kulia kuwa kushoto? Wapo samurai waliolijua hilo, wakavaa kimono kinyume na kuhamishia upanga upande wa kulia, ili pichani waonekane sawasawa. Walihariri picha kabla haijapigwa.

Je, wajua kwamba kupaka rangi picha za kamera kulikuwa biashara kubwa mjini Yokohama? Mpiga picha Felice Beato alifika huko mwaka 1863 na kuajiri wapaka rangi Wajapani. Mmoja wao, Kusakabe Kimbei, alifungua studio yake mwaka 1881. Kwenye studio ya Adolfo Farsari, fundi mmoja alimaliza picha mbili au tatu tu kwa siku. Walitumia rangi za maji juu ya karatasi iliyopakwa ute wa yai: wekundu kidogo shavuni, kisha mdomo, kisha maua ya kimono moja baada ya jingine. Watalii wakazibeba picha hizo duniani kote. Kuhariri picha ya sura kwa mtindo wa Kijapani, kwa maana hiyo, kuna zaidi ya miaka 150.

Je, wajua kwamba hata bila kamera, mchoraji Vincent van Gogh alinakili chapa ya Kijapani kwa miraba? Mwaka 1887 aliichora upya chapa ya mchoraji Hiroshige ya bustani ya miti ya plamu, baada ya kuifuatiza kwenye karatasi yenye miraba, ambayo bado ipo. Mwaka huohuo alimchora muuza rangi wa Paris, Mzee Tanguy, ameketi mbele ya ukuta uliojaa chapa za Kijapani.

KOMPYUTA KAZINI

Je, wajua kwamba programu ya Photoshop, ya ndugu Thomas na John Knoll, ilitoka mwaka 1990 ikiwa haina matabaka? Yaliingia mwaka 1994, katika toleo la tatu. Kabla ya hapo ukishakosea juu ya uso, umekosea juu ya picha nzima, sawa na mchongaji wa Edo.

Je, wajua kwamba filta inayoifanya picha ionekane imepakwa kwa brashi ilitokana na uchunguzi wa moyo? Mwaka 1976 mtafiti wa Kijapani Michiyoshi Kuwahara na wenzake walihitaji kusafisha picha za hospitali zilizojaa chembechembe bila kufuta kingo za moyo. Njia yao ni nyepesi kueleza. Kwa kila nukta ya picha, kompyuta huangalia sehemu nne zinazoizunguka, huchagua ile ambayo rangi zake zimetulia kuliko nyingine, kisha huipa nukta wastani wa sehemu hiyo. Ngozi inalainika, lakini mstari wa taya na wa jicho unabaki. Leo filta ya Kuwahara imo katika programu nyingi, na ni hatua nzuri ya kwanza kabla ya kuchora mistari.

Je, wajua kwamba Japani ilizoea kupamba picha za nyuso mitaani kabla ya simu za kamera? Vibanda vya purikura vya kampuni za Atlus na Sega vilianza mwaka 1995. Vijana walijipiga picha na kuzichapa kwenye stika. Mashine za baadaye zikawaongezea macho makubwa na ngozi laini.

Je, wajua kwamba kompyuta kumchora mtu kwa mkono wa mchoraji mwingine kulianza kuvuma mwaka 2015? Watafiti Gatys, Ecker na Bethge wa Tübingen, Ujerumani, walitenganisha umbo la picha moja na mtindo wa nyingine kwa akili mnemba. Mwaka 2016 programu ya simu ya Prisma ikaupeleka ufundi wa namna hiyo mikononi mwa umma. Mwaka 2017 watafiti wa Berkeley, Marekani, wakaonyesha mfumo wa CycleGAN ukigeuza picha za kamera kuwa ukiyo-e. Na mwaka 2024 kampuni ya Sakana AI ya Tokyo ilitoa mfumo uliofundishwa kwa chapa zaidi ya 24,000 zilizohifadhiwa kidijitali na Chuo Kikuu cha Ritsumeikan, Kyoto.

Je, wajua kwa nini filta nyingi zinampausha mtu mweusi? Mashine hurudia ilichofundishwa. Ikilishwa maelfu ya nyuso ambazo ni karatasi tupu, itaamini kwamba uso ni lazima uwe karatasi tupu. Lakini chapa zenyewe hazikusema hivyo. Katika mfululizo wa mchoraji Utagawa Kuniyoshi wa mashujaa wa hadithi ya Suikoden, ulioanza mwaka 1827, wamo mashujaa wenye ngozi ya wekundu wa matofali, iliyochapwa kwa ubao wake. Ngozi yako nayo inastahili ubao wake. Chagua rangi moja tulivu kutoka kwenye shavu lako mwenyewe, itandaze bila kivuli, kisha chora mistari ya uso kwa wino mweusi zaidi yake. Mtindo haupungui hata chembe.

UKITAKA KUJARIBU

Je, wajua kwamba ukiyo-e hupenda uso uliogeuzwa kidogo? Nyuso nyingi zimechorwa robo tatu, pua ikielekea upande mmoja. Wanaotazama mbele moja kwa moja ni wachache. Selfi ya kutazama kamera ndiyo inayozisumbua filta. Geuza kichwa, na upige picha chini ya kivuli au mawingu ili mwanga usichonge uso.

Je, wajua kwamba selfi inaweza kumvika mtu sanda? Kimono hufungwa upande wa kushoto wa mvaaji ukiwa juu ya wa kulia. Kinyume chake ni vazi la maiti. Simu zinazohifadhi picha kama kioo hugeuza mkunjo huo. Kagua ukosi kabla ya kuendelea.

Je, wajua kwamba mpangilio wa kazi ni uleule wa karakana? Mistari kwanza: kwenye tabaka la juu, kwa brashi inayonenepa na kukonda. Chini yake weka rangi bapa, nne au tano zatosha, kila moja na tabaka lake. Tabaka la mistari liweke katika hali ya Multiply, ili wino ukae juu ya rangi na weupe utoweke. Karatasi iwe chini kabisa. GIMP na Krita zinafanya haya yote, nazo hazilipiwi.

Je, wajua kwamba ule muhuri unaovutia unaweza kuwa wa mkaguzi wa serikali? Tangu miaka ya 1790 chapa zilipigwa muhuri wa kiwame kuonyesha kuwa zimeruhusiwa. Saini nayo ni jina la mtu. Ukinakili ya Utamaro, umemtia saini kwenye kazi asiyoifanya. Buni muhuri wako kwa herufi za jina lako.

Je, wajua kwamba nembo kwenye nguo nazo huzungumza? Miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, ni ya ukoo wa waigizaji wa Ichikawa. Usiitumie kama ua tu.

Je, wajua kwamba mifano bora ni ya bure? Metropolitan Museum of Art ya New York iliruhusu mwaka 2017 picha zaidi ya 375,000 za hazina yake zitumike bila malipo, chapa za Japani zikiwamo. Tovuti ya ukiyo-e.org, iliyoanzishwa na John Resig mwaka 2012, hutafuta chapa katika majumba mengi kwa mara moja: unapakia picha, nayo inakuonyesha nakala zinazofanana.

Je, wajua kwamba njia inaweza pia kurudi ubaoni? Tangu mwaka 2012 mchoraji Jed Henry amekuwa akichora wahusika wa michezo ya kompyuta kwa mtindo wa ukiyo-e, na David Bull, mchongaji anayeishi Tokyo, akaigeuza michoro hiyo kuwa chapa halisi za mbao.

MIKONO MINNE

Je, wajua kwamba chapa moja ilikuwa ya watu wanne? Mchoraji alibuni, mchongaji akakata, mchapaji akachapa, na mchapishaji akatoa fedha, akaamua kitoke nini, akabeba lawama. Tsutaya Jūzaburō, mchapishaji wa Utamaro na Sharaku, alinyang'anywa nusu ya mali yake mwaka 1791 kwa vitabu alivyovitoa.

Wewe mwenye simu umekuwa wote wanne. Kazi tatu za kwanza zinaweza kusaidiwa na programu. Ya nne ni yako peke yako: kumwomba mwenye sura ruhusa kabla ya kuisambaza picha yake, kumtaja mchoraji uliyemwiga, na kuhakikisha mama yake akiiona atamtambua mwanawe, kwa ngozi yake na kwa pua yake.